Nyuzi 90 ndani ya Sekunde Tatu

Namba ya kwanza niliyoiona kwenye kompyuta niliyoiunda kwa mikono yangu ilikuwa 79. Zilikuwa nyuzi za joto, zimekaa pembeni mwa ukurasa wa BIOS, ule wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows, chini ya jina la prosesa, Ryzen 7 5800X. Hakukuwa na gemu iliyofunguliwa, na Windows yenyewe sikuwa nimeiweka. Feni zinazunguka, taa zinawaka, mimi na mdogo wangu wa kike tumesimama mbele ya skrini hatutaki hata kukaa, na namba ile ikapanda huku tunaitazama: 80, 82, 84. Hapo ikatulia.

Nilikuwa nimesoma kwamba prosesa ikiwa ndani ya BIOS huwa na joto zaidi kuliko ikiwa kwenye Windows bila kazi, kwa sababu humo haiingii kwenye zile hali za usingizi ambazo mfumo endeshi huiingiza inapokosa shughuli. Hilo ni kweli. Ila linaeleza nyuzi 50, tuseme 60. Haliwezi kueleza 84. Mimi nilijishikiza hapo kwa sababu nilikuwa nimechoka na nilitamani kazi iwe imekwisha. Nikamwambia mdogo wangu, "Iko sawa, ngoja tuweke Windows." Akaniamini, na hilo ndilo lililoniuma baadaye, maana kompyuta ile ilikuwa yake kuliko yangu.

Yeye ndiye aliyegundua. Siku ya pili aliniita akiwa na vipokea sauti shingoni.

"Kaka, mbona inakwama? Nikianza inaenda vizuri, nikiingia tu kwenye mapigano inakuwa nzito."

Nikaweka HWiNFO, programu inayosoma sensa zote za mashine, nikaiacha wazi pembeni huku yeye akicheza. Fremu, zile picha za gemu zinazopita kwenye skrini, zilianza 140 kwa sekunde, zikashuka hadi 70 na kidogo, zikawa zinaruka juu na chini. Joto la prosesa lilisomeka 90, likabaki 90, halikupanda wala kushuka. Kasi, ambayo kwa prosesa ile ilipaswa kuwa gigahezi 4.5 hivi hata viini vyote vinane vikifanya kazi, ilikuwa 3.5.

Hapa kuna jambo ambalo lilinichukua muda kulielewa, nami natamani mtu angeniambia siku ile ile. AMD, kampuni yenye prosesa hii, waliiwekea 5800X dari la nyuzi 90. Ikifika hapo haiungui. Inajipunguzia kasi na volti ili isivuke. Kwa hiyo kompyuta mbili zinaweza kuonyesha 90 zote mbili, moja ikiwa na kasoro ndogo na nyingine ikiwa na kasoro kubwa mno, na ukitazama joto peke yake hutaona tofauti. Joto likishagota kwenye dari haliongei tena. Kinachoongea ni kasi imeshuka kiasi gani, na prosesa inakula wati ngapi. Mimi nilikuwa nimekodolea macho 90 siku nzima, na wati zilikuwa zimeandikwa mistari michache chini yake.

Kila niliyemuuliza alinijibu neno moja: pesti. Ile pesti ya joto inayopakwa kati ya prosesa na kipozaji. Umeweka kidogo, umeweka nyingi, uliyoweka ni ya ovyo. Wachache waliuliza kama nimetoa karatasi ya plastiki inayofunika kitako cha kipozaji. Swali hilo ni zuri na linastahili kuwa la kwanza kila mara, lakini karatasi nilikuwa nimeitoa. Niliikuta ndani ya boksi, imenata kwenye kijitabu cha maelekezo.

Basi nikafungua. Mara ya kwanza nilikuwa nimeweka tone dogo katikati. Sasa nikaweka mara tatu ya kiasi kile, nikafunga, nikawasha: 90, lakini kasi ilikuwa 3.7 badala ya 3.5. Nikafurahi. Nikasema, kumbe shida ni pesti kweli, ngoja ninunue iliyo bora.

Pesti mpya ilipofika nilikifungua kipozaji kwa pupa. Kompyuta ilikuwa imezimwa tangu usiku, pesti imepoa na kushika. Nikalegeza skrubu zote mbili, nikakishika kipozaji kwa mikono miwili, nikakivuta juu moja kwa moja. Kikatoa mlio wa kukwanyuka, kama kifuniko cha kopo kinapofunguka, kikaja. Nikakigeuza kuangalia kitako chake, na prosesa ilikuwa imeganda pale pale, pini zake zinanitazama.

Soketi ya AM4, ile sehemu ya mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) inayopokea prosesa hii, inabana pini zake kwa ubavu tu, hakuna fremu ya chuma inayoishika kwa juu. Kipozaji kikiwa kimenata kinaweza kuing'oa hata kama kile kiwiko cha kufungia kimeteremshwa. Pini ni 1,331, nyembamba kuliko sindano ya kushonea. Niliiweka chini ya taa, nikaifuata safu kwa safu, na kwenye kona moja nikaona mng'ao usiolingana na mwingine: pini tatu zimelala, mbili zimeegemeana.

Sitasahau nusu saa ile. Nilichukua kadi nyembamba ya plastiki, nikaipitisha kwenye njia iliyo kati ya safu mbili nzima, nikaisogeza taratibu hadi ikagusa pini iliyolala, nikaiinua kwa kiasi cha unywele, nikatoa kadi, nikaingia tena kutoka upande wa pili. Pini ya tatu ilikuwa imepinda sana. Hiyo niliivisha ncha ya penseli ya kubonyeza isiyo na risasi ndani, nikaisimamisha kidogo kidogo. Mdogo wangu alishika taa ya simu bila kusema neno. Nilikuwa nasikia pumzi yake. Prosesa iliporudi kwenye soketi ilidondoka yenyewe kwa uzito wake, bila kusukumwa, na hiyo ndiyo dalili kwamba pini zimenyooka. Ikigoma usiisukume hata kidogo, itoe uangalie upya.

Tangu siku hiyo sijawahi kuvuta kipozaji kikiwa baridi. Naiwasha mashine kwanza kwa dakika kumi ili pesti ilainike, naizima, natoa waya wa umeme, nalegeza skrubu, kisha nakizungusha kipozaji kushoto na kulia kidogo kidogo hadi nisikie kimeachia. Ndipo nakiinua.

Nikapaka ile pesti mpya kwa kijiko chake kidogo, nyembamba, sawasawa, kona hadi kona. Ilipendeza kwa macho. Nikafunga, nikawasha, nikaanzisha Cinebench R23, programu ya majaribio inayoifanyisha prosesa kazi nzito na kuipa alama. Nyuzi 90. Kasi, 3.0.

Imekuwa mbaya zaidi. Pesti bora, mkono mtulivu, na matokeo mabaya kuliko yote. Niliketi sakafuni nikiwa na hakika kwamba nimeiharibu prosesa nilipoing'oa, kwamba kuna pini haigusi, kwamba fedha tulizojibana miezi saba zimekwisha kazi. Jibu lilikuwa mbele yangu na sikuliona. Pesti nyingi imesaidia, pesti nyembamba imedhuru: hilo haliwezekani pale ambapo nyuso mbili zimegandamizana. Linawezekana pale tu ambapo kuna uwazi, na pesti ndiyo daraja.

Nikampigia simu dada mmoja ambaye amefanya ufundi wa kompyuta miaka mingi na ndiye aliyenifundisha kutofautisha waya wa umeme na waya wa data. Nilimwagia habari yote: pesti ya kwanza, ya pili, pini, kila kitu. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

"Ukiipa kazi, inafika 90 kwa muda gani?"

"Haraka sana, Dada."

"Haraka si namba, mdogo wangu. Chukua simu yako uhesabu."

Nikaiacha ipoe hadi 52, nikaanzisha Cinebench huku nahesabu. Sekunde tatu. Labda mbili na nusu.

"Haya. Sasa iache iendelee. Ingiza mkono, angalia usiguse feni, shika ile mirija ya shaba pale inapotokea kwenye kitako."

Nikashika. Ilikuwa ya vuguvugu tu, kama kikombe kilichosahaulika mezani. Nikagusa mapezi ya alumini juu: baridi. Prosesa inasema 90, na kipozaji kilichobebwa nayo hakina habari.

"Wati ngapi?" akauliza. Nikatazama. 66.

"Basi prosesa yako ni nzima," akasema, "na pesti yako haina kosa. Joto halijavuka."

Kisha akanieleza, na maelezo yale ndiyo ninayoyatumia hadi leo kila nikikuta mashine yenye joto. Kipozaji cha mnara ni kipande kizito cha shaba na alumini, karibu kilo moja. Joto likiingia ndani yake kweli, halina budi kukipasha kile chuma chote kwanza. Ndani ya mirija ya shaba mna kimiminika kidogo sana kinachogeuka mvuke upande wa prosesa, mvuke unakwenda kwenye mapezi, unapoa, unarudi kimiminika. Kazi hiyo yote inachukua muda. Kwa hiyo prosesa iliyoshikana vizuri na kipozaji chake, namba yake ikiisha kuruka mwanzoni, hupanda kwa mwendo wa pole, dakika kadhaa, huku chuma kinapata moto pamoja nayo. Namba inayogota darini kabla hujamaliza kuvuta pumzi maana yake ni kwamba joto limezuiwa mlangoni, pale prosesa inapokutana na shaba. Na namba inayokwenda vizuri kisha ikaendelea kupanda nusu saa nzima maana yake mlango uko wazi, tatizo ni hewa iliyo ndani ya kasha.

Aliniongezea tahadhari moja ambayo naona watu wengi hawaipati. Prosesa za familia ya 5800X huruka hata zikiwa nzima. Viini vyote vinane viko kwenye kipande kimoja cha silikoni chenye eneo la milimita za mraba 80 na kidogo, na wati zote zinamiminika hapo. Ukifungua kivinjari tu, namba inaweza kuruka nyuzi 10 au 15 na kurudi. "Ikiruka hadi 65 halafu ikapanda polepole, hiyo ni tabia yake, usiisumbue," alisema. "Ikiruka hadi dari, fungua."

Nilitaka kufungua papo hapo. Akanizuia. "Fungua, ila usifute. Nipigie picha pande zote mbili kabla hujagusa chochote."

Nilikuwa nimeshapaka pesti mara tatu na kuifuta mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa nimefuta ushahidi kwa spiriti na kitambaa safi kabla ya kuusoma. Safari hii niliisoma. Juu ya prosesa, utando mwembamba nilioupaka ulikuwa vile vile nilivyouacha, hata mistari ya kijiko ilionekana. Upande mmoja tu, ukingoni, palikuwa na alama ya mgandamizo, kiasi cha upana wa ukucha. Kwenye kitako cha kipozaji, ukanda ule ule ulikuwa na pesti. Sehemu iliyobaki yote, shaba ilikuwa inang'aa, safi, pesti mpya haijaigusa hata kidogo.

Kipozaji kilikuwa hakijawahi kukaa juu ya prosesa ile. Kilikuwa kimening'inia.

"Skrubu zilifika mwisho?" aliuliza Dada baada ya kuona picha.

"Zilifika. Zilikaza kabisa, hazikuzunguka tena."

"Na springi zake zilibanwa?"

Sikuwa nimewahi kuziangalia. Nikairudisha kama ilivyokuwa, nikakaza, nikatazama kwa ubavu kwa taa. Skrubu zimekaza dhidi ya chuma cha chini, na springi zilizopaswa kukisukuma kipozaji kwenda chini zilikuwa zimelegea; nikizigusa kwa kidole zinacheza. Mkono wangu ulikuwa umehisi ugumu wa skrubu kugota, ukadhani ni ugumu wa kipozaji kushikana na prosesa. Mkononi vitu hivyo viwili vinafanana kabisa.

Sababu tuliikuta ndani ya boksi, kwenye mifuko midogo ya vifaa. Kipozaji kile kinafungwa kwenye soketi za AMD na za Intel, na kila familia ina viguzo vyake, vile vipande vya kati vinavyoinua vyuma vya kushikilia kutoka kwenye mazabodi. Nilikuwa nimechukua mfuko usio wake. Skrubu ziliingia kwenye viguzo vyote viwili bila ubishi, kwa hiyo hakuna kilichonionya. Nilipovisimamisha viwili juu ya meza, cha AMD na nilichokuwa nimetumia, tofauti ya urefu ilikuwa kama unene wa sarafu. Kijitabu kilikuwa kimeonyesha hilo kwa mchoro, na rangi ya viguzo imeandikwa chini kwa herufi ndogo. Nilikuwa nimeupitia ukurasa ule kwa haraka kwa sababu nilikuwa nimetazama video, na kwenye video mikono ya mtu inakwenda upesi na mifuko imeshafunguliwa.

Unene wa sarafu unaonekana si kitu. Lakini fikiria njia ambayo joto linapita. Shaba hupitisha joto kwa kipimo cha takriban wati 400 kwa mita kwa kila nyuzi moja. Alumini kama 237. Pesti nzuri haifiki hata 15. Hewa ni 0.026. Ndiyo maana pesti inapaswa kuwa utando tu wa kujaza mikwaruzo isiyoonekana kwa macho, na mgandamizo ndio unaofanya kazi. Ukiacha uwazi wa milimita, unaudai mchuzi mzito ubebe kazi ya shaba. Na pale pesti isipofika, unaidai hewa.

Tukabadilisha viguzo. Tone la pesti katikati, kiasi cha punje ya dengu. Skrubu nikazikaza kwa zamu, mizunguko miwili huku, miwili kule, ili kipozaji kishuke kimenyooka kisiegemee upande. Safari hii nilihisi kitu kingine kabisa mkononi: upinzani uliokuwa unaongezeka taratibu kadiri springi zinavyobanwa, na mwishoni pesti kidogo ikachungulia ukingoni.

Cinebench. Namba ikaruka hadi 67, ikasimama. Nikaanza kuhesabu. Dakika moja, 72. Dakika tatu, 79. Dakika saba, 84, na hapo ikakaa. Kasi 4.5. Wati 131, karibu mara mbili ya zile za kwanza, na bado nyuzi ziko chini. Alama zilizokuwa 10,400 zikawa 15,100. Nikaingiza mkono nikashika mirija, ikanichoma kiasi cha kuondoa kidole, nami nikafurahi kuchomwa. Mdogo wangu alikuwa ameshavaa vipokea sauti vyake kabla sijafunga ubavu wa kasha.

Nilidhani imekwisha. Baada ya siku chache tukaona jambo jingine: akicheza saa nzima, prosesa inaanza 66 na kufika 81, pole pole, huku kasi iko sawa. Safari hii sikuogopa wala sikugusa pesti. Mwendo ulikuwa umeshasema. Kadi ya picha hutema joto lake lote ndani ya kasha, na kipozaji cha prosesa hakina hewa nyingine ya kuvuta ila hiyo. Jaribio lake ni rahisi kuliko yote: toa ubavu wa kasha, cheza robo saa, linganisha. Yetu ilishuka hadi 71. Kama isingeshuka ningetafuta kwingine.

Tuliwasha feni tukapitisha ukanda wa karatasi laini mbele ya kila moja. Mbili za mbele zilipaswa kuvuta hewa kuingia. Moja iliivuta karatasi, nyingine ikaisukuma mbali. Nilikuwa nimeifunga kinyume, kwa hiyo zilikuwa zinapokezana hewa ile ile. Feni nyingi huvutia upande ulio wazi na kutolea upande wenye vyuma au plastiki zinazoshikilia mota. Tukaigeuza. Ubavu ukarudi mahali pake, na joto la saa nzima likawa 73.

Jambo la tatu lilikuwa la mipangilio, na hapo nina msimamo wangu. Mazabodi nyingi za gemu huja na vipengele vilivyoandikwa otomatiki, na baadhi yake huiruhusu prosesa ivuke kiwango chake cha umeme ili ionekane na kasi zaidi kwenye majaribio. Kiwango cha kawaida cha 5800X ni wati 142 kwenye soketi. Nilipoingia kwenye BIOS na kukiweka 115 kwa mkono wangu, joto la Cinebench lilishuka kutoka 84 hadi 74, na alama zikapungua kwa chini ya 400. Kwenye gemu sikuona tofauti yoyote, kwa sababu gemu mara nyingi hazifiki hata wati hizo. Wako wanaopenda kushusha volti za kila kiini kwa kutumia Curve Optimizer, kipengele cha BIOS kinachopangwa kwa namba za hasi, nami nilijaribu. Kwenye hasi 30 majaribio mazito yalipita yote, kisha mashine ikawa inajizima yenyewe wakati mtu anasoma tu ukurasa wa kawaida. Ndivyo ilivyo: kazi nyepesi ndiyo inayompa kiini kimoja nafasi ya kufika kasi yake ya juu kabisa, na hapo ndipo upungufu wa volti hujulikana. Kwenye hasi 15 imetulia hadi leo. Ila kwa anayeunda kompyuta yake ya kwanza, ningemwambia aweke kiwango cha wati aache hapo. Kinaleta karibu faida yote na hakiwezi kuifanya mashine iyumbe.

Miezi kadhaa baadaye rafiki yangu aliniita kwa kompyuta yenye Ryzen 7 7700X na kipozaji cha maji. "Inasoma 95," alisema, na sauti yake ilikuwa ile ile niliyokuwa nayo mimi sakafuni. Prosesa za kizazi hicho AMD walizitengeneza zifike 95 chini ya mzigo mzito na zikae hapo, kwa hiyo namba peke yake haikuniambia kitu. Nikamwuliza inachukua muda gani, na inakula wati ngapi. Kama nusu dakika, akajibu, na wati 58. Prosesa ile ina ruhusa ya kufika 142. Tukagusa: kichwa cha pampu kilichokaa juu ya prosesa kilikuwa cha moto sana, radieta baridi kabisa, feni zake zinazunguka kwa bidii zikipoza kitu kisicho na joto. Maji hayakuwa yanatembea. Kwenye HWiNFO mstari wa pampu ulisomeka sifuri. Waya wake ulikuwa umechomekwa nusu, umezuiwa na ukingo wa kasha. Tukausukuma hadi ukatoa mlio. Kazi yote ilikuwa dakika kumi, na hatukufungua pesti.

Nyumbani, ndani ya ubavu wa kasha, mdogo wangu amebandika kipande cha karatasi kwa mkono wake. Kina joto la chumba siku ile tuliyomaliza, wati, kasi, namba ya mruko wa kwanza, na namba ya baada ya dakika saba. Joto la chumba aliliweka yeye. Alikuwa ameona kwamba chumba kikizidi nyuzi tano prosesa nayo inazidi karibu tano, na bila kulijua hilo ungelinganisha siku mbili zisizolingana. Mfuko wa viguzo virefu umebandikwa pale pale.

Juzi alinitumia ujumbe nikiwa kazini. "Kaka, imefika 80."

Kabla sijajibu ukaja wa pili: "Imechukua dakika ishirini. Chumba ni kile kile. Wati ni zile zile."

Na baada ya muda mfupi, wa tatu: "Nimefungua chujio la mbele. Vumbi limejaa. Nimelifuta. 72."

Nilichomjibu ni kwamba nimeona.